Naambiwa "angalia nje". Niangalie nini hasa?

SWALI: Ninasomea urubani na nimeanza kuruka solo, yaani peke yangu. Wiki iliyopita nikiwa kwenye fainali, njia ya mwisho iliyonyooka kuelekea kutua, ndege nyingine ilipita chini yangu, karibu sana, na sikuwa nimeiona kabisa mpaka mnara wa kuongozea ndege ulipopiga kelele. Mwalimu wangu aliniambia tu, "Angalia nje." Naangalia nje! Sasa naogopa. Je, mnara si ndio wenye kazi ya kututenganisha? Na nikinunua kile kifaa cha kuonyesha ndege nyingine kwenye tableti, nitakuwa salama?

JIBU: Mdogo wangu, pole kwa hofu hiyo. Kwanza nikuondolee wazo kwamba wewe ni mzembe. Ndege iliyopita chini yako huenda isingeonekana hata na rubani wa miaka thelathini akiwa kwenye kiti chako, kwa sababu ilikuwa mahali ambapo ndege yako yenyewe inaziba. Nitafika huko. Ila nitaanza na macho, maana "angalia nje" ni agizo ambalo walimu wengi hulitoa bila kulifafanua.

Jicho la binadamu linaona vizuri, kwa ukali wa kusoma maandishi, sehemu ndogo mno ya katikati, digrii mbili hivi. Pembeni linahisi kitu kinachosogea, basi. Ukizungusha kichwa polepole kutoka bawa la kushoto hadi la kulia ukidhani unapekua anga, unachokiona ni ukungu wa rangi. Mbinu inayofundishwa duniani kote ni kuigawa anga vipande visivyozidi digrii 10, kisha kusimamisha macho kwenye kila kipande angalau sekunde moja. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni digrii 10 hivi. Ngumi moja, simama. Ngumi nyingine, simama. Anza na kipande cha upeo wa macho, futi mia chache juu yake na mia chache chini yake, kwa sababu aliye kwenye kimo chako ndiye atakayekugonga, na huonekana pale pale kwenye mstari wa upeo.

Kuna tatizo la pili. Ukitazama anga tupu, isiyo na wingu wala mlima wa kukamata jicho, misuli ya jicho hulegea na kulenga mita chache tu mbele yako. Unatazama mbali lakini unaona karibu. Ndiyo maana kila baada ya muda elekeza macho kwenye kitu cha mbali unachokijua, kilele cha kilima au ukingo wa wingu, ndipo urudi kupekua. Na futa kioo kabla ya kuruka. Mdudu aliyekauka kwenye kioo hulivuta jicho kwake, na nimeona wanafunzi wakikwepa madoa.

Sasa jambo ambalo ningependa ulikariri kuliko yote. Ndege itakayokugonga haisogei. Namaanisha haisogei kwenye kioo chako. Ndege mbili zikienda moja kwa moja kwa spidi isiyobadilika kuelekea sehemu moja, kila moja huiona nyenzake ikikaa palepale, pembe ileile, ikikua polepole. Ile inayokatiza kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine, ambayo ndiyo jicho la pembeni huigundua haraka, kwa kawaida itapita mbele yako au nyuma yako salama. Jicho letu limeumbwa kushtushwa na mwendo, na hatari ya angani inakuja bila mwendo. Kinukta kinabaki kinukta kwa muda mrefu, halafu katika sekunde chache za mwisho kinafumuka na kujaza kioo.

Tupige hesabu. Ndege ndogo mbili za Cessna zinakuja uso kwa uso, kila moja noti 100 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Zinakaribiana kwa noti 200, yaani kama mita 103 kila sekunde. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, katika mwongozo wake kuhusu migongano inakadiria kwamba tangu kitu kionekane mpaka ndege igeuke kweli hupita sekunde 12.5: sehemu ya kumi ya sekunde kukiona, moja kukitambua kuwa ni ndege, tano kugundua kwamba mnagongana, nne kuamua pa kukwepea, sehemu ndogo ya sekunde mkono kusogea, mbili ndege kuitika. Katika sekunde hizo mtakuwa mmekaribiana karibu kilomita 1.3. Kwa umbali huo, bawa la Cessna 172, lenye mita 11, lina upana wa mwezi mpevu unavyouona kutoka ardhini, lakini ni jembamba, unene wa bawa tu. Usipokuwa umeiona kabla ya hapo, hesabu imekwisha. Angalia pia kwamba sekunde tisa kati ya hizo 12.5 ni za kugundua na kuamua. Huwezi kuliharakisha jicho wala bawa, lakini unaweza kwenda angani ukiwa umeshaamua: uso kwa uso, kila mtu kulia, njia zikikatana, aliye kulia kwako ana haki, ukimpita mtu, mpite kwa kulia kwake. Ziko kwenye kanuni za kimataifa na umezisoma kwa ajili ya mtihani. Zisome tena kwa ajili ya sekunde zile nne.

Ukiona ndege isiyosogea, usikae kungoja uhakika. Geuka kidogo au badili kimo mpaka uione inaanza kusogea kwenye kioo. Ikiwa inakatiza mbele yako, lenga mkia wake. Pua yake ikilengwa, mtakutana.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwenye ndege yanayo, tena mengi. Cessna ina mabawa juu ya kichwa chako: kila unapogeuka kushoto, bawa la kushoto linashuka na kufunika mahali hasa unapokwenda. Ndiyo maana kabla ya kugeuka unatakiwa uinue kidogo bawa la upande unaogeukia, utazame, kisha ugeuke. Wanafunzi huifanya mbele ya mtahini na kuiacha siku wakipata leseni. Piper nyingi zina mabawa chini ya viti, zinaficha kilicho chini. Ukipanda, injini inaziba mbele. Kwa hiyo panda kwa kuyumba kidogo kulia na kushoto kila baada ya muda. Nguzo ya kioo inaweza kuificha ndege nzima kwa dakika, hasa kwa vile, kumbuka, haisogei. Sogeza kichwa, inama mbele, jisogeze pembeni. Abiria atadhani una wasiwasi. Mwache adhani.

Turudi kwenye fainali yako, maana hapo ndipo migongano mingi hutokea: mchana kweupe, hewa safi, karibu na uwanja, mara nyingi mmoja akimfikia mwenzake kwa nyuma au kwa juu. Chukua ndege ya bawa chini ikishuka juu ya ndege ya bawa juu. Wa juu ana bawa na sakafu chini yake; wa chini ana bawa na paa juu yake. Wote wawili wanaitazama barabara ya kutulia ndege, wote wawili wanaangalia spidi, na wanasogeleana kwa tofauti ya noti ishirini tu. Hapa muda upo tele. Kinachokosekana ni mahali pa kuonea. Unaweza kupekua kwa ngumi zako zote usimwone.

Hapo ndipo naachana na walimu wanaosema macho yatosha. Kwenye saketi, yaani mzunguko wa kuuzunguka uwanja kabla ya kutua, picha ya nani yuko wapi inatakiwa iingie kichwani kwa masikio kwanza, kisha macho yaithibitishe. Kabla hujageuka beisi, upande wa mwisho kabla ya fainali, ujue ni wangapi mbele yako, wa aina gani, na wa mwisho yuko wapi. Kama mnara umekwambia wewe ni namba mbili na humwoni namba moja, usigeuke ukitumaini. Sema kwa redio, "Simwoni namba moja," uendelee na dauniwindi, upande ulio sambamba na barabara, mpaka umwone au uelekezwe. Hakuna mwongozaji wa mnarani atakayekudharau, na akikudharau bado uko hai. Ukiwa kwenye fainali na hujui aliyekuwa mbele ameishia wapi, ghairi kutua, panda, na ujisogeze pembeni mwa barabara upande usio na saketi ili uone aliye chini yako. Kanuni inasema ndege iliyo chini ndiyo yenye haki ya kutua, lakini inasema pia isiitumie haki hiyo kujipenyeza mbele ya mwenzake. Aliyepita chini yako huenda alisoma nusu ya kwanza tu.

Nikupe matukio mawili. Huko Steinbach, Manitoba, nchini Kanada, Julai 2025, wanafunzi wawili wa shule moja ya urubani, kila mmoja peke yake, mmoja kwenye Cessna 152 na mwingine kwenye Cessna 172, walikuwa wakifanya mazoezi ya kuruka na kutua. Redio zilikuwemo kwenye ndege zote mbili. Waligongana wakikaribia kutua, wakafa wote wawili. Mkuu wa shule aliwaambia waandishi wa habari kwamba inaonekana walitaka kutua wakati mmoja na hawakuonana. Hali yao si mbali na yako ya wiki iliyopita.

La pili ni Watsonville, California, Agosti 2022, uwanja usio na mnara. Cessna 152 ilikuwa kwenye saketi. Cessna 340, ya injini mbili, ikaja fainali ndefu moja kwa moja ikiwa na spidi ya noti 180 hivi. Wote walikuwa wakitangaza mahali walipo kwenye masafa yaleyale. Rubani wa ile ndogo alipoelewa jinsi mwenzake anavyomjia kasi, alitangaza kwamba anaghairi kutua, lakini walikuwa wameshabanana. Walikufa watu watatu. Somo ninalowapa wanafunzi wangu hapo ni la hesabu: mtu akisema "maili tatu, fainali", muulize au kisia spidi yake. Kwa noti 60, maili tatu ni dakika tatu, una nafasi ya kutua na kuondoka barabarani. Kwa noti 180 ni dakika moja. Maneno ni yaleyale, ndege ni nyingine kabisa.

Swali lako la mnara. Hapa watu wengi wamedanganyika, na si wanafunzi peke yao. Ruhusa ya kutua ni ruhusa ya kuitumia barabara. Katika anga nyingi zenye mnara, ndege zinazoruka kwa kuona, VFR, hupewa taarifa za ndege nyingine za VFR. Kazi ya kuziepuka angani inabaki kwa marubani. Mwongozaji ni binadamu mwenye darubini na redio moja inayogombaniwa na watu kumi. Msaidie. Toa taarifa fupi na ya kweli: unaitwa nani, uko wapi, kimo gani, unataka nini. Ukiambiwa mahali alipo mwenzako, jibu umemwona au hujamwona. "Nimepokea" si jibu la swali hilo.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa Machi 5, 2024. Asubuhi hiyo Dash 8, ndege ya abiria ya Safarilink, iliyoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani na watu 44, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi Wilson ikatua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki, mabaki yakaangukia Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wilson ina mnara. Ina pia mchanganyiko ambao viwanja vichache vinao: wanafunzi, ndege za watalii, ndege za misaada na za abiria, kila mmoja na spidi yake, zikitumia anga moja. Sitaki kulitumia tukio hilo kumnyooshea mtu kidole. Nalitaja kwa sababu baada yake nilisikia wazazi wakiuliza kama ndege kubwa hazina mitambo ya kuzuia hayo. Zinayo. Mtambo huo, TCAS, unasikiliza transponda ya ndege nyingine, kile kifaa kinachojibu kwa redio na kutaja kimo chake, na ukiwa chini ya kama futi elfu moja kutoka ardhini hautoi amri za kupanda au kushuka, kusudi usimwongoze rubani vibaya karibu na ardhi. Karibu na uwanja, basi, ni kinga pungufu kwa jinsi ilivyoundwa. Sehemu yako wewe ni ndogo na haina gharama: kabla ya kuingia barabarani, hakikisha transponda iko kwenye ALT (inatuma kimo chako), si STBY (imewashwa lakini haijibu). Ndege kubwa haiwezi kumkwepa asiyeitika.

Hilo linatuleta kwenye tableti yako. Nunua, kama pesa ipo. Nasema hivyo nikikumbuka Mangalore, jimbo la Victoria, Australia, Februari 19, 2020: ndege mbili za mafunzo za injini mbili, Piper Seminole na Beech Travel Air, ziligongana kusini mwa uwanja kwenye kimo cha futi 4,100 hivi. Walikufa wote wanne. Ndege zote mbili zilikuwa zikitangaza mahali zilipo kwa ADS-B, mtambo unaotuma kwa redio mahali ndege ilipo, lakini hakuna iliyokuwa na kifaa cha kupokea matangazo ya mwenzake. Wachunguzi wa Australia walionyesha kwamba kifaa cha kupokea kingewapa marubani tahadhari mapema. Kwa hiyo sidharau teknolojia.

Ila ujue inachokupa. Inaonyesha wanaotangaza tu. Marekani sehemu kubwa ya anga yenye uongozaji imelazimisha ADS-B tangu Januari 2020. Kwetu bado utakutana na ndege ya kunyunyizia dawa au ya shamba isiyotangaza chochote. Tableti tupu si anga tupu. Na ubaya mkubwa zaidi, inavuta macho ndani. Kazi yake ni kukuambia kipande gani cha anga ukitazame: tupia jicho sekunde moja, toka nje, tafuta. Kwenye saketi, iweke mahali ambapo huioni kabisa. Mimi hufunika hata dashibodi ya kisasa kwa karatasi kwa wanafunzi wanaoipenda mno, na siku mbili za kwanza hulalamika sana.

Kuna hatari moja ambayo haiko kwenye swali lako kwa sababu sasa uko solo, lakini utarudi kuruka na mwalimu. Uchunguzi mmoja wa Marekani wa migongano ya angani ulikuta kwamba katika asilimia 37 kulikuwa na mwalimu ndani. Watu wawili, macho manne, na bado. Sababu naijua kutoka kiti cha kulia: mwanafunzi anahangaika na spidi, mwalimu anamtazama mwanafunzi, na kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia nje. Mwanafunzi akivaa kifuniko cha kumzuia kuona nje ili afanye mazoezi ya kuruka kwa vipimo, jozi moja tu ya macho imebaki, na ndiyo jozi inayofundisha. Mwombe mwalimu wako, kwa heshima lakini bila kuona haya, mkubaliane kabla ya kuwasha injini nani anaangalia wapi na lini. Mwombe pia asifundishe kwenye fainali. Mahubiri yasubiri mpaka magurudumu yaguse chini. Kwenye eneo la mazoezi, kabla ya stoli (zoezi la bawa kupoteza nguvu ya kubeba ndege) au kona kali, geukeni digrii 90 kushoto na 90 kulia mtazame, kisha tangazeni eneo na kimo mtakachokitumia. Zoezi linalochukua dakika kumi linahitaji ukaguzi huo urudiwe katikati, kwa sababu anga uliyoikagua mwanzoni imeshabadilika.

Washa taa ya kutua ukiwa karibu na uwanja, hata mchana. Jua la asubuhi na la jioni likiwa mbele yako, jihesabu kipofu upande huo na utegemee redio zaidi. Mengine utayapata kwa kuruka.

Mwisho, tukio lako la wiki iliyopita lina wajibu wake. Andika ripoti leo, kabla kumbukumbu haijajipanga upya: saa, barabara iliyotumika, kimo chako, mlichosema na mlichoambiwa kwa redio, rangi ya ile ndege na kama bawa lake lilikuwa juu au chini. Ipeleke kwa afisa wa usalama wa shule yako na kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako. Mamlaka zina fomu za matukio ya kukaribia kugongana. Kama mwalimu wako atakwambia yaliyopita si ndwele, mwambie kwamba huenda yule wa chini naye hakukuona, na kesho atakuwa kwenye saketi ileile.